Pipa la Firmin

Nyundo ya kwanza, pete ya chuma ikashuka bila ubishi
kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa.
Hapo nikajua umekonda kiasi gani.

Miaka kumi na mmoja ghalani kwa kaka yangu,
kati ya plau iliyokatika na hatamu za farasi aliyekwisha kufa,
jua likipenya kwenye kigae kilichopasuka
likikunywa kidogo kidogo.
Nikichungulia tundu la kizibo
naona mistari ya mwanga, ubavu baada ya ubavu,
na nje shamba la viazi sukari la Van Eeckhout
limekatwa vipande vyembamba.
Pipa linaloonyesha mandhari!
Bia gani itakaa humo?

Odilon wa nyumba ya pili, ambaye baba yake alikuwa fundi mapipa
na yeye akauza bima maisha yake yote,
alikuja na mwavuli, akakuzunguka mara mbili.
Akanusa. Akanusa tena.
"Halijaingia siki. Una bahati, Godelieve.
Siki ikishika mwaloni haitoki, ni kama fitina."
Akanieleza wanapokosea watu:
wanajaza maji siku moja, yanamwagika yote,
wanakasirika, wanachukua shoka.
"Usilijaze," akasema. "Linyweshe."

Basi nikakunywesha.
Nilikusimamisha wima, nikamimina birika la maji ya moto juu ya kifuniko;
uliyamaliza kabla sijafika jikoni.
Birika la pili. La tano.
Nikakupindua, na upande wa pili vivyo hivyo.
Jumanne ulivuja kama kapu.
Jumatano ulivuja kama paa la shule yetu,
tone hapa, tone pale, na ndoo zikaniishia.
Nikakuzunguka na nyundo, pete ya tumbo, pete ya shingo,
gonga, sogea, gonga,
kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya koti
na mtoto hataki kwenda.
Ufa mmoja karibu na kizibo haukusikia la mtu.
Nikautia unyasi mkavu wa mferejini na nta ya nyuki,
Odilon akielekeza, kidole kinatetemeka lakini kinajua.

Firmin hajui kwamba uko kwangu.
Mkewe ndiye aliyepiga simu: njoo ulichukue, tunauza ghala.
Tuligombania ukuta. Ukuta wenyewe
ulianguka kwa mvua za mwaka uliofuata,
hatukuujenga, wala hatukusalimiana.
Nani alianza? Zamani nilikuwa nayajua yote kwa mpangilio.

Usiku wa Ijumaa niliamka nikidhani nimeguswa.
Ulikuwa ukimya tu. Matone yamekoma.
Nikashuka na tochi, soksi za marehemu mume wangu miguuni,
nikakupapasa kote: nje mkavu.
Nikabisha kwa kifundo cha kidole,
ukaitika kwa sauti nzito, ya mtu aliyeshiba.

Asubuhi nikamwaga maji, rangi ya chai, harufu ya msitu na vumbi.
Nikachoma ndani yako utambi wa salfa, nikakupa siku ya kupumua,
nikakusuuza tena.
Kisha bia niliyopika Oktoba, shayiri na ngano,
lita mia moja na kumi zikashuka kwa mrija,
Odilon akihesabu kama karani wa benki.

Majira mawili ya baridi, pengine matatu.
Nina miaka sitini na minane, majira nayahesabu kwa adabu.
Kwenye uso wako ipo bado F aliyoichonga Firmin kwa kisu
tulipokuwa watoto, akachapwa.
Nimeiacha. Tarehe yangu nimeiandika kwa chaki pembeni.

Usiku unatoa mlio mdogo,
mbao zinasukumana, zinapeana nafasi.

Jumapili nilimpigia.
Nikasema, huku kuna baridi.
Akasema, hata huku.
Tukakata simu.
Nikaenda kubandika birika.